Cha Mviringo Hakikwaruzi

Shoga uko wapi? Pokea simu! Haya, basi soma.

Fundi wa vigae kaja na vipande viwili vya kufunikia kingo za vigae pale kwenye kona ya bafu. Kimoja kina kona kali, kingine cha mviringo. Anauliza aweke kipi.

Sasa baba watoto, ambaye wiki mbili nzima hajafungua mdomo kuhusu hilo bafu, akarukia: "Cha mviringo. Hakikwaruzi kiwiko ukijisugua mgongo."

UKIJISUGUA MGONGO!!

Nikamuuliza, wewe umejisugulia wapi? Bafu letu limebomolewa, mimi na watoto tunaoga kwa ndoo nyuma ya jiko. Yeye kila jioni anarudi ananukia sabuni, eti kaoga kazini. Kazini kwao hata bomba la kunawa mikono halitoi maji!

Yeye kaikodolea macho ndoo ya saruji. Wivu ukanipanda, nikaanza kuwapitia kichwani wanawake wote wa mtaa huu, mmoja mmoja.

Fundi naye akataka kumwokoa mwenzake: "Mama, usimfikirie vibaya. Kona ya mviringo kama hiyo niliiweka mimi, bafuni kwa mama yake."

KWA MAMA YAKE. Maji ya moto, taulo limekunjwa linamsubiri. Mtoto wa miaka arobaini na mbili!

Bora ingekuwa mwanamke wa nje, ningemfuata mpaka mlangoni kwake. Mama mkwe nimfuate nikamwambie nini, aniachie mume?

Fundi bado kasimama, anauliza tena aweke kipi.

Nimemwambia chenye kona kali. Kona zote.