Si Nono Aliyekuchongea

Lubumbashi, Kongo
Jumapili, tarehe 14 Septemba

Mpendwa Yaya Madeleine, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mama Victorine na wote wa nyumbani huko Kamina. Je, miguu ya mama imepata nafuu? Merdi, dereva wetu anayekuja huko, aliniambia kwamba sasa anatembea mpaka kanisani bila kushikwa mkono, nami nilimshukuru Mungu. Huku kwetu tuko wazima. Vumbi la kiangazi linatukohoza sote, na Benita wangu ameanza shule. Anakataa kuvua yunifomu hata akilala.

Usishangae kupata karatasi kutoka kwa mtu anayeshinda mbele ya mashini za kompyuta. Habari hii sikutaka kuiandika mahali pengine. Nimemwomba Merdi aitie mkononi mwako.

Kazini meza yako bado iko wazi, na Nono anakaa peke yake kando yake. Saa ya kula watu wanahamia upande wa pili. Kila mtu alisikia neno ulilomwambia mlangoni siku ile ya mwezi wa tano ulipofukuzwa: kwamba ile barua kwa mkaguzi wa kazi, juu ya madereva wetu wanaoendesha malori siku mbili bila kulala, ulikuwa umeiandika tu, hukuwa umeituma, na aliyekaa karibu akaweza kuisoma ni yeye tu. Alikujibu, “Miye sikusema kintu.” Tangu hapo hajajitetea tena.

Sasa nikueleze jambo usilolijua. Mwezi wa tatu mkurugenzi Adrien aliniita, mimi mtunza mashini. Alitaka niweke extension kwa wafanyakazi wote, yaani kile kiprogramu kidogo kinachojibandika ndani ya navigateur, pale tunapofungulia Internet. Alisema ni ya kuzuia barua za matapeli. Kutoka mezani kwangu naweza kukibandika kwenye mashini zote mia moja na kumi bila kuinuka kitini, na mwenye mashini hawezi kukiondoa. Kabla ya kukubali, onyo lilitokea kwenye kioo: kitu hiki kitaweza kusoma kila ukurasa na kila neno linaloandikwa. Nilirudi kwa mkurugenzi nikamwomba tujaribu kwanza kwenye mashini tano. Akanijibu bila kuinua macho, “Syntiche, miye niko na kazi mingi. Weka tu.”

Nikaweka. Kisha nikawaandikia ninyi nyote kwamba ni kwa ajili ya kuwalinda. Wewe ulinijibu, “Merci, mdogo wangu.”

Yaya, si Nono aliyekuchongea. Ni kile kitu, na mkono uliokibandika ni wangu.

Mwezi wa sita niliitwa kutengeneza mashini ya mkurugenzi, nikakuta ukurasa wa ripoti uko wazi. Niliona jina lako, na chini yake barua yako yote, hata maneno uliyokuwa umeyafuta. Lakini nilitengeneza nilichoitiwa, nikatoka, nikanyamaza. Hilo ndilo linalonila moyo. Miezi mitatu nimepita mbele ya Nono kila asubuhi, nikimwamkia, huku najua. Niliogopa kupoteza kazi, ndiyo, lakini zaidi niliogopa uso wako.

Jumatatu iliyopita Nono alikuja kuniomba nimsaidie kuandika barua ya kuacha kazi. Alisema amechoka kula na ukuta. Hapo nilishindwa. Nilimwambia yote, nimesimama vile vile. Nilidhani atanipiga. Kisha akauliza neno moja tu: “Madeleine anajua?”

Siku iliyofuata nilichapisha kurasa za ripoti zenye jina lako, nikakiondoa kile kitu kwenye mashini zote, nikawaandikia wafanyakazi wote kilikuwa kinafanya nini na nani alikiweka. Kabla ya saa sita mkurugenzi alikuwa ameninyang'anya funguo. Jumatano mimi na Nono tulikwenda kwa mkaguzi wa kazi. Alisoma kurasa zile mara mbili, akachukua maneno yangu kwa maandishi, nikatia sahihi. Anataka kukusikia wewe mwenyewe tarehe 29. Wito wake nimeutia ndani ya bahasha hii.

Sikuombi unisamehe upesi. Ukija, ukanipita bila kunisalimu, nitajua sababu. Lakini Nono usimpite. Anasema atakungoja gare, pale stesheni ya treni, siku utakayofika, kama utamkubalia akubebee mzigo.

Mama Victorine umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Benita anakusalimu, hajui lolote. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi, mdogo wako,
Syntiche