Bega la Mume Wangu na Kelele za Mama

Bi Saido, pokea salamu zangu za heshima, na nikuombe radhi mapema kwa urefu wa barua hii, maana jambo lenyewe nimelibeba peke yangu tangu mwezi wa nne na sasa limenishinda, na nikilisimulia nusunusu hutanielewa.

Mume wangu, Dayib, ni fundi wa plasta, na Jumapili za kiangazi anacheza besiboli. Najua utashangaa, hata mimi nilishangaa, lakini yeye kabla ya kuja Birmingham aliishi Uholanzi, na kule mchezo huo unachezwa, akaupenda, na alipofika hapa akakuta timu ndogo tunayoiita Korongo, inayofanya mazoezi kwenye uwanja wa nyasi karibu na kwetu Shard End, na kochi wake ni Bwana Harjit, Kalasinga aliyezaliwa Nakuru, mwenye Kiswahili kizuri kuliko cha watoto wangu. Dayib ndiye mrushaji, yaani yule anayesimama katikati na kumrushia mpira mpigaji mwenye gongo, na kwa namna nilivyoambiwa, timu bila mrushaji ni kama harusi bila bibi harusi, watu wapo lakini hakuna kinachoendelea.

Sasa mama yangu. Baba alipofariki Isiolo nilimleta mama kwangu, na kwa mwaka mzima alikaa kwenye kiti cha dirishani akitazama magari ya jirani, haendi popote ila mara mojamoja madukani Alum Rock kununua kitambaa, na kitambaa chenyewe hashoni. Daktari akampa vidonge. Siku moja nilikuwa zamu ya Jumapili, Dayib hakutaka kumwacha peke yake nyumbani, akamchukulia kiti cha kukunja akamkalisha nyuma ya wavu uwanjani, na waliporudi jioni mama akaniuliza, "Yule mwenye gongo akikosa mara tatu, kwa nini anaondoka bila kubishana?" Bi Saido, ilikuwa mara ya kwanza kwa mama kuniuliza kitu chochote kisichohusu chakula. Tangu siku hiyo hajakosa mechi. Anazijua sheria zote. Ana marafiki, kuna mzee Hasmukh wa Kampala na dada Léocadie wa Bukavu, na wana kundi lao la WhatsApp linaloitwa Nyuma ya Wavu, wanajadili nani amecheza na nani amelala, na zaidi ya yote wanajadili majeruhi, nani ameumia kweli na nani anadeka. Mzee Hasmukh anasema wachezaji wa siku hizi wakivunjika ukucha wanataka likizo. Mama anamuunga mkono.

Vidonge aliviacha, na daktari alikubali.

Mwezi wa nne bega la Dayib likaanza kuuma. Akaenda kwa fizio, mtaalamu wa viungo, kimyakimya, akapigwa picha, akaambiwa kano ya bega imechanika nusu, apumzike asirushe kitu mpaka majira ya baridi, na akiendelea itakatika yote na mkono huenda usipande tena juu ya kichwa. Mume wangu anapiga plasta kwenye dari za watu, Bi Saido, mkono usiopanda juu ya kichwa ni wa kazi gani? Nilimwambia aache. Akasema, "Nikiacha kurusha, mama hatakwenda uwanjani, na asipokwenda uwanjani atarudi dirishani. Mimi ndiye niliyemtoa pale, sitamrudisha." Akaniapisha nisimwambie mtu.

Basi tunaishi hivi. Asubuhi mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati. Akifunga swala mkono wa kulia haufiki sikioni, unaishia kifuani, kwa hiyo ameacha kuswali nasi sebuleni, anaswalia chumbani akisema sebuleni kuna joto. Na mama hamuulizi kitu, kwa sababu kwetu mtu na mama mkwe wake wana haya yao, hata chumvi mezani wanaombana kupitia kwangu.

Sasa sikiliza kilichotokea mwezi uliopita. Korongo walicheza na timu ya vijana wanaoishi Selly Oak. Dayib alikuwa amemeza dawa za maumivu na mpira ulikuwa haumtii, nikauona kwa macho yangu, siku hiyo sikuwa zamu. Mpira ukamponyoka ukaenda moja kwa moja kwenye mkono wa mpigaji, kijana anaitwa Gurvinder. Akaanguka, akajikunja. Mama yangu akasimama kwenye kiti chake na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Inuka wewe. Huo ni mkono au yai?"

Mbele yetu alikuwa amekaa mama mmoja wa Kipunjabi amejifunika kitambaa cha kijani. Akageuka polepole. Akasema, kwa Kiswahili vilevile, "Mama, huyo ni mwanangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Jina lake ni Tejinder, nilikuja kujua baadaye, alikulia Kisumu. Mama yangu alimtazama, na mimi nikamwomba Mungu amwongoze aseme pole, na mama akasema, "Basi mwambie ainuke." Dada Léocadie akamvuta nguo akamwambia, "Mama Idil, ule mutoto ameumia kweli, nimesikia mufupa." Refa akaja akamwomba mama atoke uwanjani. Kijana alikutwa na ufa kwenye mfupa wa kifundo cha mkono. Bwana Harjit akamfungia mama mechi moja, na mechi hiyo mama aliitazama akiwa ameweka kiti chake ng'ambo ya uzio, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kwa sababu hapo, alisema, si uwanjani.

Hajaomba radhi. Kwenye kundi lao anatuma sauti akimwita yule kijana Bwana Yai. Na Dayib anazisikia, anakaa jikoni anasikiliza kimya, kwa sababu anajua, na mimi najua, kwamba mpira ule uliponyoka kwa sababu ya bega.

Jumapili hii ni fainali. Yeye ndiye wa kurusha. Nikimwambia mama, nitakuwa nimevunja kiapo cha mume wangu na huenda nikamrudisha mama dirishani. Nisipomwambia, bega litaisha, au mpira utampata mtu mwingine kichwani. Sina usingizi. Nimwambie mama au nisimwambie?

Ni mimi, Idil, Shard End. Tafadhali badilisha majina.

*

BI SAIDO ANAJIBU

Idil mwanangu, majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, ingawa katika mji huu akina mama wa Isiolo wanaofukuzwa kwenye besiboli si wengi, na sidhani nimemficha mtu.

Barua yako ilinifikia Jumatano, na gazeti letu hutoka mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nilikupigia simu siku ileile. Niliyokuambia nayaandika hapa kwa faida ya wengine, maana nyumba zinazofanana na yako ni nyingi, hata kama hazina gongo.

Kwanza pole. Kumfunga mtu mzima vifungo kila asubuhi na kuambiwa usiseme ni kazi ya kuchosha, na umeifanya kwa mapenzi. Lakini umeniuliza swali ambalo si lenyewe. Unauliza kama umwambie mama yako. Kabla ya mama yako kuna mtu aliyestahili kuambiwa tangu mwezi wa nne, naye ni Bwana Harjit, anayempanga mumeo kurusha mpira mgumu kuelekea watoto wa watu. Siri ya mume huhifadhiwa, mama zetu walitufundisha hivyo na walitufundisha vizuri. Ila siri ikishavunja mkono wa mtoto wa mwenzio, imekwisha kutoka nyumbani kwako. Unaishika ya nini?

Na huyo mumeo nampenda, nisifiche. Mwanamume aliyeharibu bega lake ili mama mkwe asirudi kwenye kiti cha dirishani, mimi katika miaka yangu ya kusoma barua sijapata kumsikia. Lakini wema wake una majivuno ndani. Amejiaminisha kwamba mama yako anakwenda uwanjani kumtazama yeye. Ndiyo maana nilikuambia: mpe mpaka Ijumaa aseme mwenyewe, kwa kochi kwanza, kisha kwa mama. Ikifika Ijumaa jioni hajasema, useme wewe, mbele yake, si nyuma yake.

Ulilia kwenye simu. Kisha ukaenda ukafanya. Na kwa kuwa umeniruhusu, nawaeleza wasomaji kilichofuata.

Dayib alimwendea Harjit Alhamisi. Harjit akasema, "Niliona mpira umelegea. Nikafikiri ni uchovu wa mfungo, nikaona haya kuuliza." Akamtoa kwenye timu papo hapo, na akamwambia kwamba angemwambia mapema, angepewa kazi ya kufundisha vijana kurusha, ambayo haihitaji bega, inahitaji mdomo. Miezi yote hiyo mtu ameumia kwa sababu kila mmoja alikuwa anamwonea mwenzake haya.

Ijumaa baada ya chakula Dayib alikaa mbele ya mama mkwe wake na kumwambia mwenyewe, bila kupitia kwako. Mama akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nne, mama."

"Na ule mpira uliompiga yule kijana?"

"Ni bega, mama. Hakudeka. Kosa ni langu."

Mama akainuka akaenda chumbani akafunga mlango. Ukanipigia simu ukisema, Bi Saido, umeniharibia nyumba. Nilikuambia ungoje. Mtu aliyegundua kwamba amekuwa akimpigia makofi mtu anayeumia anahitaji chumba chenye mlango.

Jumamosi asubuhi alitoka, akakuambia umwelekeze nyumbani kwa mama Gurvinder. Alipika pilau. Alikwenda na Dayib, wawili hao ambao hawaombani chumvi, wakakaa kwenye gari moja mpaka ng'ambo ya mji. Tejinder alifungua mlango nusu. Mama yako akasema, "Nilimtukana mwanao akiwa chini, na wewe uliponiambia ni mwanao nikamtukana tena. Nisamehe." Dayib naye akasema lake. Tejinder alikipokea chakula, akasema asante, akasema mkono unaendelea vizuri, akafunga mlango. Hakuwakaribisha ndani. Mama yako alirudi amenuna, akidai kwao Isiolo mtu akija na sufuria anakaribishwa hata kama ni adui.

Mama wa Isiolo, kama unasomewa hapa, nakuambia wewe: kuomba radhi ni kwako, kukaribisha ndani ni kwake. Usimdai. Sufuria akirudisha, shukuru. Asiporudisha, nunua nyingine.

Na fainali ikachezwa. Harjit alimweka mrushaji mwingine, kijana ambaye hajawahi kurusha mechi nzima, na Korongo wakafungwa vibaya sana, hilo halina haja ya kupambwa. Mama yako alikwenda. Idil, alikwenda, na Dayib alikuwa amekaa pembeni yake mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, harushi hata jiwe. Ulisema yule kijana alipokosea mara ya pili, mzee Hasmukh alianza kusema, huyu naye ametolewa wapi, na mama akamwambia bila kugeuka, "Nyamaza, Hasmukh. Hujui ana nini mwilini." Na mzee akanyamaza, na Léocadie akatoa maandazi, na wakaendelea kutazama timu yao ikipigwa mpaka mwisho.

Kwa hiyo yale uliyoyaogopa hayakutokea. Usinipe mimi sifa. Ungeweza kulijua hilo mwezi wa nne kama ungemwuliza mama yako badala ya kumwonea huruma.

Yaliyobaki ni haya, na sitaki kuandikiwa tena kuhusu jambo hili. Ninyi wa Nyuma ya Wavu, mshangilie, mbishane, mlaumu refa kama Mungu alivyowajalia, lakini mchezaji akianguka chini, fungeni midomo mpaka ainuke. Hakuna hata mmoja wenu aliye daktari. Sauti zile za Bwana Yai zifutwe, na aliyezituma atume nyingine ya kumwomba radhi kijana kwa jina lake.

Mama asaidiwe kwenda uwanjani kila Jumapili, hata kama ukoo mzima umeumia. Daktari wake aelezwe kwamba alifunga mlango siku moja na akaufungua, naye ndiye aseme kama hilo ni kubwa au dogo, si wewe.

Dayib atafute mshirika wa kupiga dari wakati yeye akipiga kuta za chini, mpaka fizio atakapomruhusu. Akisema anaweza, usimwamini, amethibitisha kwamba kwenye jambo hili neno lake halina uzito.

Na wewe Idil, miadi ya bega ni Jumanne. Omba ruhusa kazini uende naye, na usikae nje kwenye viti vya kusubiri. Ingia naye ndani, kwa sababu ataulizwa kama inauma, na huyo atasema haiumi.