Silembloki za Mwalimu Anselme

Bujumbura, Jumatano, msimu wa mvua, 1974

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne asubuhi. Sasa jua linashuka na hewa imebaki nzito. Nimeoga mara mbili lakini mikono bado inanuka grisi. Nimekaa mezani tangu nirudi kutoka Musaga, na chakula alichoniwekea mke wangu sijakigusa. Naandika kwa sababu leo nimesema jambo nililolificha miaka miwili, na naogopa nikilala nitaamka nimeanza kulipunguza.

Niandike lilivyo.

Asubuhi dereva wa bwana mmoja wa Kiriri, mtaa wa wakubwa, aliingiza jipu la kijani kwenye gereji yetu, kule karibu na bandari. Anaitwa Barnabé, mtu mzima, mpole.

"Fundi Lukasi," akaniambia, "hii gari inagonga nyuma. Na ukifunga freni inavuta upande. Patroni amesema hapandi tena mpaka iko sawa."

Nikaiendesha mwenyewe kwenye barabara yenye mashimo inayoelekea bandarini. Kila shimo: ko. Nyuma, upande wa kulia, chuma kikigusa chuma. Nilipofunga freni, mkia wa gari ulihama kidogo. Barnabé alidhani ni amortiseri, ile inayozuia gari lisirushwe na mashimo. Nikamwambia apana, amortiseri ikifa gari linarukaruka, halitoi sauti kama ile. Nilishajua ni nini kabla ya kurudi gereji. Yale mabamba ya chuma yanayobeba gari, tunayoyaita resori, yanashikwa kwenye shasi kwa boliti, na kila boliti inapita ndani ya bomba dogo lenye mpira. Hiyo ndiyo silembloki. Mpira ukiisha, resori inacheza, ekseli inacheza nayo, na gari haliendi tena unakolielekeza.

Nikalala chini ya gari. Nikaingiza mtaimbo kati ya resori na shasi, nikasukuma. Resori ikahama upana wa kidole. Nikasogeza taa karibu.

Ndani ya jicho la resori, lile tundu la boliti, hamkuwa na silembloki. Mlikuwa na vipande vitatu vya tairi kuukuu, vimekatwa kwa kisu na kuzungushiwa boliti, vimesagika karibu kuisha.

Nilivikata mimi.

Sijui nilikaa chini ya gari muda gani. Nakumbuka Barnabé akiinama kuniuliza kama kuna shida kubwa, nami nikamjibu kwamba ni kazi ya saa tatu, aende kunywa chai. Alipotoka, nilikwaruza rangi ya kijani kwa bisibisi nyuma ya bampa. Chini yake palikuwa na rangi ya kijivu.

Lilikuwa jipu la Mwalimu Anselme.

Mwalimu Anselme alikuwa mkaguzi wa shule. Nilipovuka kutoka Uvira, upande wa Kongo, na mke mjamzito na gunia moja la vyombo, ni yeye aliyenitafutia chumba, na ni yeye aliyemwambia patroni wa gereji kwamba mimi ni fundi wa kweli. Jipu lake nililishika miaka sita. Siku zile, miaka miwili iliyopita, alikuwa ameniletea likigonga vilevile. Nilishusha resori ya kulia, nikazisukuma nje silembloki zilizooza, nikaliacha gari limekaa juu ya magogo. Mpya zilifika Jumatatu kwa meli kutoka Kigoma. Zilikuwa kwenye rafu, ndani ya karatasi yake.

Jumanne asubuhi alikuja kwa miguu.

"Lukasi, gari inaweza kuwa tayari leo?"

Siku hiyo shemeji yangu alikuwa anabatizisha mtoto, na pombe ilikuwa imeshapikwa. Nilitaka kutoka mapema.

"Vipuri bado havijafika, Mwalimu. Alhamisi."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Hakuna njia ingine? Ata kama itagonga, mi nitaenda nayo pole pole. Mama Godelieve na watoto wanataka kuona watu wa kwao."

"Resori iko chini, Mwalimu. Haiwezi kutoka."

"Basi. Alhamisi." Akanishukuru. Alikuwa mtu wa kushukuru.

Mji mzima ulijua wakati ule kwamba watu waliosoma kama yeye wanaitwa kutoka ofisini na hawarudi. Tulijua na tuliendelea kusalimiana. Mimi Mkongomani nilijiambia kwamba hayo si mambo yangu. Na Mwalimu hakuwa mtu wa haraka hata siku moja, kwa hiyo siku aliyokuwa na haraka sikuitambua.

Au niliitambua, nikaenda kwenye ubatizo.

Jumatano, saa sita, watu wawili walikuja gereji na kadi ya gari lake. Walikuwa pia na kile kikaratasi cha gereji nilichomwandikia kwa mkono wangu. Kikaratasi kile alikuwa anakiweka kwenye mfuko wa shati. Walinipa nusu saa. Kusukuma silembloki mpya ndani ya resori si kazi ya nusu saa, kwa hiyo nilikata tairi. Mmoja wao alisimama akinitazama, na alipoondoka alisema, "We haukuona mutu hapa."

Kesho yake Mama Godelieve alikuja, kitambaa kimefungwa vibaya kichwani. Hakuingia. Akauliza akiwa mlangoni kama mume wake alichukua gari.

Nikasema ndiyo. Alilichukua jana asubuhi, akaelekea upande wa Kongo.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nilitaka kumpa kitu. Nilitaka pia aondoke kabla mtu hajamwona anazungumza na mimi. Uso wake ulifunguka, akanishika mikono yote miwili yenye grisi akasema asante.

Asante hiyo ndiyo iliyonila. Kwa sababu nina ndugu Uvira, tangu hapo ameniletea barua tatu ili zimtafute mume wake upande ule. Nilizipokea zote. Ziko kwenye droo ya meza hii ninayoandikia. Yaani zilikuwapo mpaka leo mchana.

Kazi niliimaliza. Boliti ya jimeli, ile pingu inayoshika mwisho wa resori, ilikuwa imeganda kwa kutu, ikabidi niikate kwa msumeno. Zile silembloki za Mwalimu nilikuwa nimezihifadhi chini ya sanduku langu la vifaa, ndani ya karatasi ileile, na sikuwahi kumfungia mtu mwingine. Nikazipaka maji ya sabuni, nikazibana kwenye jiliwa, zikaingia moja baada ya nyingine bila shida. Nikarudisha resori. Nikashusha gari likasimama kwa magurudumu yake kabla ya kukaza boliti, kwa sababu ukikaza gari likiwa hewani, mpira unajikunja na kupasuka mapema. Nilifanya kila kitu kwa utaratibu.

Nilipolijaribu barabarani, halikugonga.

Barnabé akafurahi, akaondoka nalo kuelekea Kiriri. Mimi nikapitia nyumbani, nikatoa barua kwenye droo, nikapanda baisikeli kwenda Musaga.

Mama Godelieve alikuwa barazani anachambua maharagwe. Watoto walikuwa bado shuleni. Akanipa kiti, akaniuliza habari za mke wangu, kisha akaona bahasha mkononi. Alizitambua. Aliacha kuchambua.

"Hazikwenda," nikasema.

"Naona."

Nikamwambia yote, kuanzia Jumanne. Nilimwambia kuhusu rafu na ubatizo. Nilimwambia kwamba gari halikuelekea Kongo, kwamba lilikuja kuchukuliwa na watu waliokuwa na karatasi zake, na kwamba leo limelala mbele yangu kwa muda wa saa tatu. Nilikuwa nimejiandaa apige kelele, au anifukuze. Hakufanya hivyo. Alinisikiliza huku ungo uko magotini, akitazama barabara.

"Alikuja Jumanne," akasema mwishoni. "Akakuomba."

"Aliomba, Mama Godelieve."

"Na vipuri vilikuwa pale."

"Vilikuwa pale."

Kuku akapita kati yetu, akadonoa maharagwe, wala Mama Godelieve hakumfukuza.

"Sasa ile gari inaenda muzuri?"

"Inaenda muzuri."

"Haigongi tena?"

"Apana."

"Basi ulijua kuitengeneza," akasema.

Alisema bila hasira, kama mtu anayethibitisha jambo dogo, na sidhani kuna kitu chochote nitakachoambiwa maishani kitakachoniuma kama hicho.

Kisha aliinuka, akaingia ndani, akakaa huko. Nilisikia maji yakimwagwa kwenye beseni. Nilifikiri niondoke, nikaona kuondoka kungekuwa uongo mwingine, nikabaki. Aliporudi alikuwa amenawa uso, macho mekundu.

"Mi nilianza kujua mwaka jana," akasema. "Mutu aliye hai anatuma ata salamu moja. Lakini watoto wanamuombea kila siku kama mutu aliye safarini. Mi nimewaacha waombe hivyo. Nimeshindwa kuwaambia." Akachukua zile barua, akaziweka chini ya ungo. "Jumapili, nyuma ya misa, kuja we mwenyewe uwaambie. Usimutume mke wako. Godelieve atakuuliza, na utamujibu."

Nikakubali. Aliniongoza mpaka njiani kama mgeni yeyote, lakini hakunipa mkono.

Godelieve ndiye mkubwa wao, ana miaka kumi na miwili. Ana macho ya baba yake, yale ya kungoja mpaka umalize sentensi. Najua atakachouliza: kwa nini gari halikuwa tayari. Tangu nikae hapa nimejaribu majibu matatu, na yote yanaanza na meli ya Kigoma.

Jumapili sitaanza na meli. Nitaanza na neno moja, kisha nione kama nitaweza kuendelea: nilidanganya.