Nataka Rafiki Yangu Jaji Ashindwe Kura

Mpendwa mshauri Bibi Opal, naomba uniokoe kabla ya karamu ya Jumamosi, maana mimi niliyekuwa baharia, niliyekula Napoli na kupigana ngumi Manila nikashinda, au karibu nishinde, leo nimekwama na jambo la hapahapa mjini Tolliver, tena la kifungua kinywa.

Lowell Prater unamjua, miaka yote alikuwa wakili, ofisi yake juu ya duka la chakula cha mifugo, na kila asubuhi kabla hajapanda ngazi alikaa nasi meza ya dirishani mgahawani kwa Nadine, mimi, yeye na Estill, mikate ya moto, rojo ya soseji na uongo wa kila aina, na bila kujisifu bingwa wa uongo nilikuwa mimi, Lowell akinifuata kwa karibu. Mimi shule niliiacha darasa la nane, yeye kasoma mpaka nywele zikamkimbia, lakini pale mezani tulikuwa sawasawa. Ndiye aliyemtetea mbwa wangu Sajini aliposingiziwa kuua kuku wa mhubiri: alimwingiza mahakamani, akamwachia kuku mbele yake, Sajini akalala fofofo, kuku akampanda mgongoni, na jaji mzee akacheka mpaka akavua miwani. Siku zile, Bibi Opal! Kama zingesindikwa kwenye chupa kama matango ya mke wangu, ningejaza ghala.

Basi jaji mzee akafariki, gavana akamteua Lowell akalie kiti mpaka uchaguzi ufike, tukashangilia, Nadine akaoka pai, na wiki hiyohiyo Estill, ambaye kesi yake na jirani yake Hobart ilikuwa mahakamani, mdomo umejaa mkate, akaanza, "Mheshimiwa, huyu Hobart kasogeza uzio wake shambani kwangu, sasa wewe..."

Lowell akaweka kikombe chini. "Estill, ishia hapohapo."

"Aa, mzee mwenzangu, si tunapiga soga tu?"

"Hobart hayupo hapa kunipigia soga yake."

Akavaa kofia akatoka, mkate umebaki nusu na asali juu yake, na hajarudi mpaka leo. Kikombe chake Nadine anakipangusa kila asubuhi na kukirudisha kwenye msumari. Mji unasema kapanda kiti katusahau, na mpinzani wake, wakili kijana Gentry Combs, sasa ndiye anayekaa nasi, anatununulia pai, anacheka vichekesho vyangu kabla sijavimaliza, jambo ambalo mke wangu hajalifanya hata nikivimaliza.

Na desturi yetu unaijua, kwenye karamu ya kambare pale kituo cha zimamoto mgombea ujaji hajisifu mwenyewe, jirani husimama kumsemea, na Lowell kanijia gereji, kofia mkononi, kaniambia, "Virgil, nisemee." Nikamjibu nitakusemea mpaka kambare wapige makofi. Alipoondoka nikakaa juu ya tairi, nikajikuta na wazo baya kabisa: nataka ashindwe. Akishindwa anarudi kwenye uwakili, na akirudi kwenye uwakili anarudi mezani. Na kila mtu anajua mimi nikisema neno Tolliver inanifuata, kwa hiyo nikikohoa tu mahali pabaya Lowell kwisha. Nina miaka sabini, asubuhi nilizobakiza si nyingi, nazitaka pamoja naye. Je, nina dhambi? Nifanyeje?

Asiyetaka kutajwa, Tolliver


BIBI OPAL ANAJIBU

Virgil, jina ulilolificha mwishoni umelitaja katikati, kwa hiyo tuongee waziwazi.

Kwanza, pole. Kumkosa rafiki aliye hai, unayemwona kila siku akipita ng'ambo ya barabara, kunauma, na kutamani arudi si dhambi. Lakini mtu kakujia kofia mkononi, wewe unapanga kumkoholea mbele ya watu? Huo si utani, ni usaliti. Nami nitakaa meza ya mbele, kila kikohozi nitakisikia.

Hebu rudi kwenye kesi ya Sajini. Kama jaji mzee angekuwa anakunywa kahawa na yule mhubiri kila asubuhi, mbwa wako angepona? Kuku asingefika hata mlangoni! Sasa Hobart naye ana shamba, ana uzio, ana yake ya kusema, ila hana meza ya dirishani. Lowell aliacha mkate wenye asali kwa ajili ya mtu ambaye hata hampendi sana. Na huyo Gentry wenu, pai zake kuleni, lakini siku akikalia kile kiti, Hobart atasikilizwa wapi?

Jumamosi usiguse habari za Manila. Mwombe Nadine kile kikombe, simama nacho, kiinue watu wote wakione, uwaambie kwa nini hakijanywewa tangu Lowell awe jaji. Kisha keti. Najua kuketi ndiko kutakakokushinda, lakini keti.

Na kura ziende zinakokwenda, Jumapili asubuhi chukua mikate ya moto na kikombe hichohicho, nenda barazani kwake. Nani kasema lazima iwe kwa Nadine? Ongeeni mbwa, samaki, jaji mzee na miwani yake, danganyaneni mpaka jua liwachome. Uzio wa mtu yeyote, marufuku.

Na Estill asitie mguu hapo mpaka kesi yake iishe. Hata akilia.