Wimbo wa Koko Bintu kwenye Arusi ya Mapendo

Nguba, Bukavu
tarehe 9 mwezi wa tisa, 2023

Mpendwa dada yangu Constance,

Nakusalimu toka kwenye baraza ileile uliyozoea kukaa ukichambua majani ya sombe. Goti lako linaendeleaje? Na huko Namur, mumeshaanza kuvaa makoti? Gloire naye, masomo yake vipi? Mwambie mjomba wake anamuwaza.

Sisi tuko wazima, Mungu anatulinda. Mvua imerudi, njia ya kushuka kwetu imekuwa matope matupu, lakini maharagwe ya nyuma ya nyumba yamechipua vizuri. Tension yangu, hii presha ya damu, imetulia tangu nipunguze chumvi. Usisumbuke.

Asante sana kwa kitambaa ulichomtumia Mapendo. Alikivaa asubuhi ya kupelekwa Mudaka, kwao mume wake Bruno, na wanawake wa huko wakamzunguka wakikishika-shika.

Sasa nikujibu swali lako. Ulipoona video ya arusi uliniuliza kwenye telefone: "Mbona batu wote wamenyamaza kama wako matangani? Nani amekufa?" Hakuna aliyekufa, dada. Ila ni habari ndefu, na kwa telefone sauti inakatika-katika. Ndiyo maana nimeandika, na jirani yetu Hugues, anayekuja huko, amekubali kukubebea barua.

Unajua tangu mke wangu Eulalie atutoke, Mapendo akiwa bado anabebwa mgongoni mwako, tumekuwa tukionana kwa nadra na watu wake wa kisiwani Idjwi. Mama yake Eulalie, Koko Bintu, bibi yake Mapendo, miguu imemshinda, hawezi tena kupanda boti. Basi siku ya watu wa Bruno kutoa mali, yaani mahari, ilipokaribia, shemeji Aloys alimkalisha mama yake nje ya nyumba, akamrekodi na telefone yake akiimba ule wimbo wa kwao wa kumsindikiza binti. Akanitumia na neno hili: "Mupigishe siku ile, wajue kama mama ya Mapendo alikuwa na kwao."

Nikauweka ndani ya kompyuta, hii ordinatere yangu, pamoja na nyimbo zingine zote. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Siku ikafika. Gaston, yule wa sono, fundi wa vyombo vya muziki, akaunganisha ordinatere yangu na mabafle yake, zile spika kubwa. Ukaanza wimbo wa kwaya ya watu wa Mudaka, ule waliorekodi studio na magitaa na ngoma. Vikombe vilitetemeka mezani! Ulipoisha ukafuata wa Koko Bintu, na dada, ilikuwa kama mtu anayeimba ndani ya mtungi uliofunikwa. Watu walifikiri muziki umekatika. Wakaanza kuongea, wakapitishiana sahani. Gaston alipokuja kuelewa na kupandisha sauti, wimbo ulikuwa umeisha, na uliofuata ukalipuka kama radi. Baba yake Bruno akajimwagia pombe ya kasiksi kwenye suti. Watu wakacheka.

Walimcheka yeye na suti yake. Lakini Aloys alikuwa amekaa akiwapa mgongo, akasikia kicheko tu, akadhani wanamcheka mama yake. Akasimama, akachukua kofia yake.

"Shemeji, kaa basi," nikamwambia.

"Nikae nifanye nini? Mulituita tuonekane, haiko tusikike. Batu ba Mudaka wamesikika mpaka ngambo ya ziwa. Mama yangu, hata meza ya mbele haikumusikia. Hiyo arusi mufanye ninyi peke yenu."

Akashuka bandarini bila kuaga mtu.

Jioni hiyo nilimkuta Mapendo jikoni, uso ameuficha kwenye kitenge. "Papa," akasema, "mama hayuko. Sasa na mujomba tena asikuwe? Siingii kanisani hivyo. Tungoje." Nikampigia Bruno. Maskini, kwao walikuwa wameshaalika watu, lakini hakubisha. Alisema tu, "Tutangoja, papa."

Jumapili baada ya misa nikaketi mezani na Mapendo, ordinatere mbele yetu, tutafute dawa. Tukagundua kwamba kila wimbo una mahali pake pa sauti. Unafungua maelezo ya wimbo huo, unaona kamstari kenye kitufe cha kuvuta kulia au kushoto. Unabadilisha huo peke yake, zingine hazihusiki, na mashine haisahau.

Nikafurahi, nikauvuta wa Koko mpaka mwisho. Sauti ikapanda kweli, lakini ikapasuka, ikakwaruza kama redio ya betri za kufa.

"Papa, unamuumiza," Mapendo akaniambia.

Tukaurudisha, tukauacha juu kidogo tu. Bado alisikika kwa mbali. Ndipo akasema, "Basi tushushe zile zingine."

Tukafanya kazi hiyo hadi mchana wote ukaisha. Kwaya ya Mudaka tukaishusha, magitaa tukayashusha, hata wimbo wa parokia yetu. Kila mara tulisikiliza pale wimbo mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia, kama fundi anayepapasa mshono kwa kidole. Umeme ukakatika, tukaendelea na betri.

Mwishoni tukapiga ule wa Mudaka, kisha wa Koko, bila kugusa kitu. Constance, nyuma ya sauti yake kulikuwa na kuku. Kulikuwa na kasia linalogonga mtumbwi. Tulimsikia hata anavyovuta pumzi. Na katikati ya wimbo, pale anapoitwa jina binti anayeolewa, Koko hakuita Mapendo. Aliita, "Eulalie."

Mapendo akanishika mkono. Miaka hii yote jina hilo nalisikia likitanguliwa na "marehemu". Koko aliliita kama unavyomwita mtu aliye uani, aje kula.

Nikaogopa. Pengine mama mkwe ameanza kupotewa na akili, na watu wa Mudaka watacheka tena, safari hii kweli. Lakini Mapendo alikataa wimbo kukatwa hata kidogo. Basi nikapanda boti, nikaenda Idjwi na kabafle kadogo mfukoni.

Aloys alinipa kiti kwa sababu ya desturi tu. Nikamwomba msamaha, nikamwambia, "Sikiliza kwanza, kisha nifukuze." Nikapiga ule wa Mudaka, ukafuata wa mama yake. Akainamisha kichwa, hakukiinua hadi mwisho. Koko Bintu akatoka ndani na fimbo yake.

"Nani huyu muzee anaimba muzuri hivi?"

"Ni wewe, mama."

Akacheka mpaka tukamshika asianguke. Nikajikaza. "Mama, hapa katikati umeita Eulalie. Lakini anayeolewa ni Mapendo."

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza upuuzi. "Najua anayeolewa. Eulalie ulipomuoa, mimi nilikuwa kitandani hospitali, sikumuimbia. Sasa nimewapakiza wote wawili mu mutumbwi moja."

Dada, unakumbuka kile kiti chake kilichobaki wazi kwenye arusi yangu? Nilikuwa nimekisahau. Yeye hakusahau.

Aloys akanisindikiza mpaka kwenye boti. Nikiwa nimeshaketi akasema, "Tutakuja. Lakini usiguse tena kitu mu ule wimbo."

Basi sasa unaelewa video yako. Kwaya ya Mudaka iliimba, watu wakacheza vizuri sana, hakuna aliyelalamika kwamba imeshushwa. Kisha Koko akaanza. Hakuna mkono uliogusa kitufe. Maongezi yakazima, meza moja baada ya nyingine. Alipoita "Eulalie", Mapendo akasimama na gauni lake jeupe, akaitika mbele ya watu wote:

"Niko, koko."

Bruno akasimama karibu naye. Aloys alikuwa analia waziwazi, wala hakutafuta leso. Wimbo ulipoisha Gaston alitaka kuendelea na mwingine, Aloys akamwinulia mkono: "Acha kwanza." Ndicho kile kimya ulichokiona.

Mapendo amekuja kunisalimia juzi na mume wake. Wamepata nyumba Bagira, wanapendeza. Nikamuuliza kama nirudishe sauti za nyimbo zile zingine kama zilivyokuwa. Akazisikiliza kidogo akiwa anamenya viazi.

"Ziache, papa," akasema. "Mbele ya kuzishusha zilikuwa zinapiga kelele tu. Sasa nasikia maneno ya kila moja."

Nisalimie sana mume wako na Gloire. Joviale wa jirani anakusalimia, na Koko Bintu anauliza kama huko Ulaya mvua inanyesha wakati wa kulima. Mwenyezi Mungu akulindie miguu yako kwenye barafu na akurudishe kwetu siku moja ukiwa mzima.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda tangu utoto wetu,

Apollinaire