Jina Lako Bado Linafungua Tangi

Musyoka, rafiki yangu,

Kosa wanalofanya wengi ni kuifundisha mashine kuuliza "Wewe ni nani?" pale ambapo ingepaswa kuuliza "Umeruhusiwa kufanya nini?" Nilifundisha hesabu miaka mingi, na kompyuta baadaye, na kosa hili nimelisahihisha katika kazi za wanafunzi mpaka kalamu nyekundu zikaniishia. La kwako sikulisahihisha. Nakuandikia kwa sababu wiki iliyopita nusura limuue Mbithe wako.

Yu hai. Nianze na hilo, maana najua ungeruka mistari yote ukilitafuta. Mkono wa kushoto umo katika plasta na magoti yamechubuka, lakini binti yako anakula na anabishana.

Tangu tulipokuzika, mradi wa maji haujasimama. Tangi liko pale pale juu ya kilima hapa Kilungu, na ile kompyuta ndogo kibandani kando yake. Huko ndiko anakosimamia Mbithe. Mutindi, yule wa kicheko kinachosikika ng'ambo ya bonde, yuko ofisini sokoni, anawasha pampu. Unakumbuka kwamba programu yako inakubali jina moja tu kufunga na kufungua tangi, nalo ni lako. Ulipofariki hakuna aliyejua la kufanya. Basi wakafanya kama tunavyofanya siku ya mwethya, tunapokutana kwa kazi ya pamoja: jembe likiwa chini, anayefika analiokota, wala haulizwi ni la nani. Jina lako likawa jembe. Mbithe akaingia kama Musyoka, Mutindi naye akaingia kama Musyoka. Neno la siri lilikuwa jina la ng'ombe wako, na hapa Kilungu nani hamjui yule ng'ombe?

Alhamisi mwethya walikuja kusugua tangi. Mbithe alifanya kila kitu kama ulivyomfunza. Aliingia kwenye kompyuta, akalifunga tangi ili pampu isiweze kulijaza, akashuka na brashi yake. Wenzake wakaivuta ngazi juu wakaze kipandio kilicholegea. Huko sokoni, Mutindi akapigiwa simu: zahanati haina tone la maji, na kuna mama anajifungua. Akaiagiza pampu iwake. Mashine ikakataa, ikasema tangi limefungwa na Musyoka. Halafu ikamuuliza, kwa ile adabu uliyoiandika wewe mwenyewe: Wewe ndiwe uliyelifunga. Je, lifunguliwe?

Naye alikuwa Musyoka. Akabonyeza ndiyo.

Wanawake waliokuwa juu ya tangi wanasema bomba lilikohoa mara mbili kisha likatapika. Maji yakamtupa Mbithe ukutani. Mle ndani ni giza na utelezi, unapajua. Yakafika magotini, yakafika kiunoni, na ngazi iko nje, kipandio mkononi mwa mtu. Mmoja akampigia Mutindi. Simu ilikuwa inatumika, kwa sababu Mutindi alikuwa anawaambia watu wa zahanati wasihofu, maji yanakuja. Wakafunga leso tatu kwa mafundo, wakazishusha. Mbithe alizishika kwa mkono mmoja, wakamvuta juu. Ule mwingine ulikuwa umevunjika.

Nilitoka Kwa Vonza, ninakoishi, mara tu nilipopata habari. Kesho yake kamati iliketi, na Mutindi akakaa peke yake mwisho wa benchi, hana kicheko. Walitaka kumwondoa. Mwenyekiti akaniambia, "Mwalimu, wewe soma hiyo mashine utuambie nani alifungua." Nikasoma kumbukumbu zake kwa sauti. Musyoka amefunga. Musyoka amefungua. Mzee mmoja akavua kofia. Mwingine nyuma akasema, "Basi tumfute kazi Musyoka," na hakuna aliyecheka.

Hapo nikawaambia ukweli. Ule mstari ndani ya programu, unaosema ikiwa jina ni musyoka kubali, ni wangu. Ulinijia na daftari, ukaniuliza njia iliyo sawa. Mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi ibada. Nikakwambia, "Weka jina lako kwanza, tutarekebisha baadaye." Uliandika neno baadaye, ukalipigia mstari chini. Sikurudi tena kwenye ukurasa ule. Nisamehe.

Sasa nikueleze nilichopaswa kukueleza siku ile. Mfumo tuliouweka, wa jamii ya Unix, una faili linaloorodhesha kila mtumiaji na idhini zake. Idhini huandikwa kwa nukta, kutoka kubwa hadi ndogo: maji.tangi.funga, maji.tangi.fungua, maji.pampu.washa. Programu haina haja ya kumjua mtu. Inauliza mfumo wenyewe ni nani aliyeingia, isisadiki jina ambalo mtu anaweza kujichapia. Kisha inaita kazi ndogo iliyomo ndani ya mfumo, iitwayo chkauthattr, inaikabidhi vitu viwili: idhini inayotakiwa na jina la aliyeingia. Jibu ni moja au sifuri. Ikiwa moja, endelea. Ikiwa sifuri, simama. Hata wiki ile ya maziko yako ningeweza kuyaandika hayo kwa mchana mmoja.

Nimeyaandika sasa. Kila mtu ana jina lake na neno lake la siri. Mutindi ana idhini ya pampu, hana ya tangi. Tulijaribu mara kumi, yeye akibonyeza sokoni, Mbithe akipaza sauti kwenye simu kutoka kilimani: "Sifuri, Mwalimu! Imekataa tena!" Mutindi akasema, "Hata mashine sasa inaniogopa," na kicheko chake kikarudi, kidogo.

Lakini limebaki jambo moja, na ndilo linaloninyima raha. Katika lile faili, mbele ya jina lako, tangu siku tulipouweka mfumo, pana maji.* pamoja na nyota yake, yaani kila kitu. Mfumo ukiulizwa juu yako utajibu moja, moja, moja, nawe uko kaburini. Na neno lako la siri wanalijua wote. Nilitaka kuufuta mstari huo. Mbithe akaweka mkono wake mzima juu ya kibodi. "Mwalimu, hapa tu ndipo Baba bado anaingia kazini. Niachie. Nitamfuta mwenyewe."

Nikamwachia. Siku nne zimepita. Asubuhi hii nimeangalia: nyota ipo. Na leo mwethya wanarudi kumaliza kusugua, na yeye anasema atashuka nao hata na plasta yake. Umemzaa mwenyewe, unajua habishiki.

Lala salama, Musyoka. Nakuahidi kitu kimoja: jina lako nitaliandika kwa rangi juu ya mlango wa kibanda, herufi kubwa, mahali ambapo litasomwa na kila mtu na halitafungua chochote. Barua hii naiweka juu ya kibodi kabla binti yako hajafika, maana wewe huna tena mkono wa kufanya kilichobaki.

Mbithe, ukishaisoma: fungua faili la watumiaji, futa mstari wa baba yako, kisha ndipo mtu ashuke tangini.