Kuhusu Motokaa Iliyowashwa Nisipokuwapo

Mbeya Mjini,
Mwezi wa Julai.

Kwa mke wangu mheshimiwa, Mama Tumaini,

Kamwene. Baada ya kukuamkia kwa heshima zote, napenda kujua hali yako, hali ya mtoto wetu Tumaini, na hali ya kifua cha mama yangu katika baridi hii ya Mufindi. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo nitazieleza hapa chini.

Barua yako nimeipokea. Mwandiko niliutambua kabla sijaifungua: ni wa Zakaria, mwana wa mjomba wangu, fundi cherehani. Sikulaumu, kwa kuwa hukupelekwa shule. Ila barua hii nimeielekeza kwa dada yangu Sesilia, na yeye ndiye akusomee, mlango ukiwa umefungwa.

Umeniarifu kwamba Zakaria ameiwasha ile motokaa ndogo niliyouziwa na Bwana Shamba alipokuwa akirejea kwao Ulaya. Unakumbuka kwamba stata yake ilikufa zamani. Kwa sababu hiyo, nilipokuja huku kufanya kazi gereji, niliichukua hendeli ya kuzungushia injini, nikaifunga katika gunia, ili mtu yeyote asiiguse motokaa hata nirudi. Niliona kwamba nimeitia kufuli.

Nilipomweleza mwenzangu wa gereji, Ambilikile, mtu wa Tukuyu, aliweka spana chini.

"Ndugu yangu, si uliniambia nyumba yako iko juu mlimani?"

"Ndiyo, iko juu."

"Sasa hendeli ya nini? Wanaachia breki, inateremka, wanatia gia, inawaka! Umebeba chuma bure toka Mufindi mpaka Mbeya."

Mafundi wote wakacheka. Mmoja akauliza, "Na huyo jamaa akisukuma, usukani anashika nani?"

Jibu lilikuwa mfukoni mwangu, katika barua yako: "Mimi hushika usukani, Zakaria husukuma. Ikiwaka, yeye hurukia ndani nami humpisha."

Mama Tumaini, motokaa hiyo ina viti viwili tu vya mbele, tena vimebanana. Naijua, kwa kuwa kila skrubu yake nimeikaza mimi. Unampisha uende wapi?

Aidha umeandika kwamba ana mkono mwepesi, na kwamba plagi huzisugua kwa mswaki wake mwenyewe. Ningependa ijulikane kwamba plagi hizo mimi nilizisugua miaka miwili, wala hakuna aliyeniandikia barua. Aulizwe: je, humwaga maji ya rejeta kila jioni katika mwezi huu, yasije yakaganda na kupasua injini? Je, springi huzipaka grisi? Oili ikivuja, nadhani ataishona.

Nilikusudia kuandika amri kwamba magurudumu yote manne yang'olewe na kuwekwa uvunguni mwa kitanda cha mama. Amri hiyo niliiandika mara tatu kwa maneno mazuri sana, nikaichana. Kwa maana nilikumbuka siku uliponiomba ukae penye usukani, motokaa ikiwa imesimama tu, nami nikakuambia utaharibu gia. Ulishuka, ukaenda kuchota maji. Zakaria hakukuambia hivyo. Ndilo linaloniuma zaidi ya kile kiti.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naleta ombi moja. Motokaa abaki nayo Zakaria, pamoja na plagi zake. Wewe na Tumaini pandeni basi la Jumamosi mje Mbeya. Nimepanga chumba chenye dirisha, karibu na kanisa. Sesilia amekubali kukaa na mama.

Nisalimie mama yangu, baba mkwe na mama mkwe, na mzee wetu wa kanisa aliyetufungisha ndoa. Zakaria naye msalimie, lakini kwa mbali.

Barua hii inakuja kwa mkono wa dereva wa lori la mchele wa Rujewa, mtu mwaminifu. Majibu usimwambie mtu yeyote ayaandike. Jumamosi nitasimama kituoni tangu basi la kwanza, na nitatazama kila mtu anayeshuka.

Ni mimi mumeo, ninayekungoja kuliko ninavyoweza kuandika,
Elia, Baba Tumaini.